Pikapu Isiyovuka Geti

Kambini, 11 Januari

Mpwa wangu, fundi wa makochi,

Pokea salamu nyingi kama kokoto za huku. Mimi ni mzima kama chuma cha reli, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Natumaini wewe na dada yangu hamjambo. Mwambie mama yako kaka yake amenenepa, na wapishi wa hapa wananiogopa tangu niliposhika mwiko nikawaonyesha jinsi watu wazima wanavyounga maharage. Mwambie pia nimepanda cheo. Jenereta zote na malori yote ya machimbo haya ya mawe sasa yako chini ya mkono wangu. Lori likigoma asubuhi, watu hawaiti fundi, wananiita mimi, na likinisikia nakohoa tu linawaka lenyewe.

Barua yako nimepewa na dereva wa lori la saruji. Ameikunja kama tiketi lakini imesomeka. Ukiwa na neno, endelea kumpa yeye, maana huku simu hushika mtandao kwa kupanda juu ya tangi la maji, na goti limekataa.

Sasa tuje kwenye jambo lako. Unataka kabureta nyingine ya pikapu ya baba yako. Unasema ya sasa inakunywa petroli kama imeoa mwenye sheli, na ukikanyaga mafuta inakohoa na kuzima, na wewe una makochi ya kupeleka kwa wateja na umechoka kukodi mikokoteni. Nimekusikia. Lakini mwanangu, kabureta ile haibadilishwi. Ni ya koo moja, yaani njia moja tu ya hewa na petroli, mwili wa chuma kizito, siyo hivi vibati vya sasa vinavyopinda ukivitazama kwa hasira. Shemeji aliichagua mwenyewe. Nilikuwepo. Tulizunguka soko la vyuma kutwa nzima, kila moja akiigeuza, akiinusa, akiirudisha, mpaka wauzaji wakadhani anatafuta mchumba. Ikisafishwa itafanya kazi. Na mwenyewe akirudi akakuta tumemwekea kitu kingine, tutamwambia nini?

Niandikie inavyokohoa. Na ikiwa imesimama, inanguruma vipi?

Mjomba wako,
Injinia Bila Cheti

*

Nyumbani, 3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku hatujambo. Mama hajambo, anakula kidogo, anatembeatembea uani. Amefurahi kwa habari ya cheo ila kanituma nikuulize kama wapishi wale wamejua kwamba ukiwa kijana uliunguza sufuria hadi likatoboka. Kazi ipo. Sebule yote ni sponji na mbao, na nalala nikiwa bado nina ladha ya misumari mdomoni. Nina seti ya makochi imekamilika wiki tatu sasa, imejaa vumbi, kwa sababu mwenye mkokoteni anasema hatabeba kochi la watu watatu kupanda kile kilima.

Umeuliza pikapu inanguruma vipi ikisimama. Inanguruma vizuri mno. Inanguruma kama siku ile walipoikuta kwenye kona ya kiwanda cha matofali, mlango wazi, injini inawaka, kofia ya Baba kwenye kiti, na Baba mwenyewe hayupo. Tatizo ni kwenda. Nikitia gia, inakohoa mara mbili na kufa. Tangu majirani walipoivuta kwa kamba wakaiingiza uani, haijavuka geti hata kwa gurudumu moja. Na hivi sasa ni mwaka wa tatu.

Kuna mlio pia. Inagonga mara tatu, inanyamaza, inagonga tena mara tatu. Fundi wa mtaani kasema ni hewa inapita pasipostahili. Inawezekana. Mimi sipendi kuusikia.

Nataka kabureta nyingine, Mjomba. Siyo dawa ya hii.

Hapo ulipoandika "akirudi" nilikunja barua nikarudi kupiga misumari.

Mpwa wako

*

Kambini, 20 Februari

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili. Kuhusu sufuria, mwambie dada lile lilikuwa bovu tangu dukani.

Dereva amekuletea mfuko wa nailoni. Usiutupe, ndani mna mali. Gasketi mpya ya kuzibia maungio, sindano ya boya, na boya lenyewe. Boya ni kile kidubwana kinachoelea kwenye kibakuli cha petroli. Likitoboka linazama, petroli inafurika, na injini inalewa. Injini iliyolewa hunguruma vizuri ikiwa imekaa, kama mlevi yeyote. Mwambie asimame sasa atembee. Hilo ndilo linaloisumbua pikapu yako, nami nimelijua bila kuiona, kutoka huku mlimani.

Fungua kabureta juu ya shuka jeupe, skrubu zisikupotee. Kila kitundu kipulize kwa mdomo wako mwenyewe. Tundu kubwa la katikati ndilo linalolisha injini gari likianza kwenda. Likiziba, utakuwa na gari la kusimama tu. Mimi nimewahi kupuliza kabureta ya lori la jeshi katika mji ambao sitautaja, mbele ya kanali, na lilipowaka kanali alivua kofia. Halafu wakaniomba niondoke mjini, lakini hiyo ni habari nyingine na inamhusu binti yake.

Kuhusu mlio, usiuhangaikie. Funga vizuri, utaondoka. Na usiliwashe gari bila sababu.

Mjomba wako,
Injinia Bila Cheti

*

Nyumbani, 17 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu. Anauliza binti wa kanali ni yupi kati ya wale unaowataja, maana amepoteza hesabu.

Nimefanya kama ulivyosema. Shuka jeupe, kila tundu nimelipuliza mpaka midomo ikafa ganzi. Nimebadilisha boya, sindano, gasketi. Fundi wa mtaani akakagua, akasema hata yeye asingefunga vizuri zaidi. Tukaiwasha. Ikashika mara moja. Ikanguruma, ikagonga tatu, ikanyamaza, ikagonga tatu. Nikatia gia. Ikafa.

Sasa nikuambie lile nililokuficha, kwa sababu naona utaniletea gasketi mpaka nizeeke.

Kila tunapoiwasha, Mama anatoka. Akiwa jikoni ataacha chungu motoni. Akiwa anaoga atatoka na kanga imelowa. Hatazami gari wala mimi. Anakwenda moja kwa moja kwenye geti, anafungua pande zote mbili, anasogea pembeni kama mtu anayempisha mtu, na anasimama pale mkono mmoja kifuani. Nikizima injini anangoja kidogo, kisha anafunga na kurudi ndani bila neno. Wiki iliyopita ilikuwa mvua. Nilimwomba arudi, hakunisikia. Alisimama mpaka nilipozima, na sasa ana kikohozi kinachomtingisha mabega. Daktari wa zahanati kasema mapafu yake hayataki mvua nyingine ya namna hiyo.

Nimeacha kuiwasha. Lakini haitoshi, Mjomba. Nadhani anangoja arudi. Nadhani mlio ule anausikia kama hodi. Ndiyo maana nataka kabureta nyingine. Makochi yangebebwa hata kwa punda. Mimi nataka mlio ule ufe kabla haujamuua Mama.

Naomba uchague. Wewe ndiye mwenye macho ya vitu hivyo.

Mpwa wako

*

Kambini, 2 Mei

Mpwa wangu,

Samahani kwa kukaa kimya. Mvua zilikata barabara, dereva akawa hapiti. Hiyo ndiyo sababu.

Natumaini kikohozi cha dada kimepungua. Mpe asali na maji ya moto, na mwambie nimesema.

Nimeteremka mjini Jumamosi kwenye soko la vyuma, nikavaa shati jeupe ili wajue mteja amekuja. Nimechagua. Sanduku hili usilibebe peke yako. Ni kabureta ya makoo mawili, imetoka kwenye gari dogo la bwana mmoja tajiri aliyekuwa akipenda mbio. Koo la kwanza linafanya kazi ukitembea taratibu. Ukikanyaga, la pili linafunguka, na hapo ndipo utashika usukani kwa mikono yote. Kwenye kile kilima chako pikapu itapanda na makochi, na mteja, na mama mkwe wa mteja. Muuzaji alitaka kuninyima. Nilimweleza historia ya maisha yangu mpaka akachoka akaniachia.

Ile ya zamani itunze. Ifunge kwenye kitambaa chenye mafuta, iweke mahali pakavu. Shemeji ataitaka.

Hayo mengine uliyoniandikia nimeyasoma.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 25 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama anakohoa bado, ila asali ameipenda, na amesema shati jeupe sokoni ni wewe kabisa.

Kabureta yako ya tajiri ni nzuri kuiangalia. Imekaa mezani na kila mteja anaisifia. Lakini mashimo yake ya bolti ni manne na pikapu inataka mawili. Fundi alichonga bamba la kuunganisha, tukaifunga juu yake, ikawa ndefu, boneti haifungi. Waya wa mafuta nao haufiki. Na choki yake, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, inataka umeme, pikapu ya Baba choki yake ni ya kuvuta kwa mkono. Tukaiwasha hivyohivyo, boneti wazi. Ilinguruma kwa hasira, ikatema moto juu, ikaunguza nyusi za fundi. Sasa anaonekana kama mtu aliyepata habari mbaya na hajazimaliza.

Ikabidi nirudishe ile ya zamani, maana sikutaka kuacha tundu wazi kwenye injini. Nilipofunga bolti ya mwisho sikuwasha. Nakuapia sikuwasha, funguo zilikuwa ndani kwenye kikapu cha nyuzi. Niliinama kufuta mikono, nikasikia tatu. Kimya. Tatu. Nikajiambia ni bati la paa linapoa. Nilipogeuka, Mama alikuwa amekwisha kufika kwenye geti.

Mjomba, ulipita soko zima ukaacha zote zinazoingia, ukanichagulia isiyoingia. Wewe, mtu unayejua vipimo kwa kupapasa. Sikulaumu. Nimekaa na jambo hilo nikaona nimelielewa. Ila mimi ndiye ninayekaa hapa uani, siyo wewe.

Nitafutie ya koo moja, mashimo mawili, choki ya mkono, inayolingana na ile kimo kwa kimo. Iwe imetoka kwenye gari lililokuwa likitembea. Hiyo tu.

Mpwa wako

*

Kambini, 19 Juni

Mpwa wangu,

Umenishika pabaya. Katika maisha yangu wamenishika polisi wa bandari tatu, na baba za mabinti ambao siwataji, lakini hakuna aliyenishika kama wewe na hizo bolti nne.

Basi, hii hapa. Nimeipata nyuma ya gereji moja, kwenye pikapu pacha wa yenu, rangi ileile, mzee mwenye nayo kaiua kwa kuigonga kwenye mti. Nimeifungua mwenyewe mara mbili. Nimepima kila tundu kwa unyuzi. Koo moja, mashimo mawili, choki ya kuvuta. Hakuna cha kuchonga. Funga, vuta choki nusu, subiri ipate joto, rudisha choki, nenda. Niliijaribu kwenye injini ya yule mzee mpaka akatoa machozi akaniambia nimemfufulia gari, nikamwambia asizoee, naifungua kabureta naondoka nayo.

Sina la kuchekesha zaidi leo. Goti linauma na mvua haipo.

Nakuomba kitu kimoja. Hiyo ya zamani usiitupe, nitumie mimi. Nitaiweka kwenye benchi langu. Mtu mmoja katika ukoo huu aendelee kuitunza mpaka mwenyewe aje.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 14 Julai

Mjomba, shikamoo. Tafadhali isome barua hii ukiwa umekaa.

Mama ni mzima. Naanza na hilo ili usiruke mistari.

Kabureta uliyochagua iliingia kama imezaliwa pale. Nikavuta choki nusu, nikawasha. Injini ikawa laini, mlio mmoja mrefu kama cherehani ya fundi mzuri. Hakuna tatu. Hakuna kimya. Niliutazama mlango wa jikoni na Mama hakutoka. Nilizima, nikawasha tena, hakutoka. Mjomba, nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikalia kwa furaha na mikono yangu michafu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka adhuhuri ya kesho yake. Nilikuwa naweka kitambaa kwenye kochi, pikapu imezimwa, jua kali, mtaa mzima umenyamaza. Mama akapita mbele yangu. Akaenda kwenye geti, akafungua pande zote mbili, akasogea pembeni. Nikamfuata. Nikamwambia, Mama, gari halijawashwa. Baba harudi, Mama. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa sauti.

Akanigeukia, akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. Akasema, "Nani amekuambia nangoja arudi? Baba yako amekufa, najua tangu siku ile. Mlimvuta kwa kamba mkamwingiza humu, mkafunga geti. Tangu hapo anagonga atoke."



"Kila mkiwasha, mimi nafungua, ili aende," akasema. "Halafu nyinyi mnazima. Na sasa wewe umemnyamazisha tu. Hujamtoa."

Ndipo nikaelewa, Mjomba. Miaka yote mitatu tulikuwa tukiwasha gari lile kulisikiliza. Mimi, majirani, fundi, na wewe kwa barua. Tunaliwasha, linanguruma, tunaridhika kwamba bado lipo, tunazima. Hakuna aliyewahi kulitoa nje.

Nikaingia ndani nikachukua kabureta ya zamani. Ilikuwa kwenye kitambaa chenye mafuta kama ulivyoagiza. Ninakuomba radhi hapa, kwa sababu uliiomba na sitakutumia. Niliiweka kwenye kiti cha abiria, juu yake kofia ya Baba. Mama akaigusa kupitia dirishani, akanong'ona maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Nikawasha. Nikatia gia. Haikukohoa. Nilipopita geti, Mama alikuwa amesimama palepale pa siku zote, mkono kifuani, na kwenye kioo nikamwona anafunga nyuma yangu, upande mmoja, kisha wa pili.

Nilikwenda mpaka kona ya kiwanda cha matofali. Yule mfyatuaji matofali aliyeiona pikapu siku ile bado yupo. Alilitambua gari kabla hajanitambua mimi. Nilipotoa jembe, alilichukua mkononi mwangu akachimba yeye, pembeni mwa barabara, udongo mwekundu laini, na mimi nikaweka kabureta na kofia. Tukafukia. Akaleta tofali moja bichi, bado lina alama za vidole vyake, akalilaza juu. Akaniambia siku ile aliita na kuita, akazunguka vichaka, na kwamba tangu hapo hapendi kufyatua akiwa peke yake. Akaniambia nimsalimie Mama. Basi.

Nilirudi njia ileile. Nilikuta geti limefungwa, nikashuka nikagonga. Nikasikia hatua za Mama zinakuja, zikasimama upande wa pili. Hakufungua.

Akauliza, "Uko peke yako?"

Nikajibu upesi, ndiyo, Mama, niko peke yangu.

Kisha akasema, "Angalia kwanza."

Nikarudi kwenye gari. Nikafungua mlango wa abiria. Nikatazama kiti, nikatazama chini ya kiti, nikatazama nyuma kwenye bodi. Nikaweka kiganja pale kofia ilipokuwa. Palikuwa na joto, lakini jua lilikuwa limepiga upande ule njia nzima. Nikasubiri mpaka pakapoa. Ndipo nikarudi nikasema, niko peke yangu, Mama.

Akafungua. Alilala alasiri yote na kikohozi hakikumwamsha.

Mpwa wako

*

Kambini, 9 Agosti

Dada yangu na mpwa wangu,

Barua imefika. Nimeisoma nimekaa, kama nilivyoambiwa.

Benchi langu nililisafisha tangu Juni, nikaacha nafasi katikati. Nimeirudishia spana.

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Dereva wa saruji atanishusha kwenye kona ya matofali kwanza, nikae kidogo na marehemu shemeji, halafu nitatembea mpaka nyumbani. Nina mikono, na nimesikia kuna makochi ya kubeba.

Dada, watu wote walikuja kukuambia neno moja, mimi nikawa nakuletea gasketi. Pokea sasa. Pole na msiba.

Na wewe, mwanangu. Pole na msiba.

Kaka yako,
mjomba wako